Chenji ya Mama wa Kilemba cha Njano

Mwaka 1996, nikiwa darasa la sita mjini Muheza, mwalimu wetu wa historia alitangaza kwamba mwezi Septemba darasa letu lingekwenda Dar es Salaam kwa siku tatu kuona Makumbusho ya Taifa, bandari na pantoni ya Kigamboni, na kwamba kila mwanafunzi angelipa shilingi 7,000 za basi na chakula. Nilikuwa na umri wa miaka 13 na sijawahi kuvuka Segera. Niliishi na Bibi, mzaa mama, na nilipompelekea habari hiyo aliuliza kwanza kama fedha za madaftari zimo humo. Alipojua hazimo, alisema kwamba madaftari ni wajibu wake yeye, lakini kwenda kutazama mafuvu ni wajibu wa mwenye hamu ya kuyatazama.

Njia za kupata fedha kwa mtoto wa umri ule zilikuwa chache, na karibu zote nilizijaribu mnamo wiki mbili. Nilichotea majirani maji, lakini majirani zetu wengi walikuwa na watoto wao wa kuchota. Nilipika ubuyu nikautia pilipili kupita kiasi, ukanunuliwa siku moja na wale waliotaka kushindana nani hatatoa machozi, kisha haukununuliwa tena. Barafu zilihitaji friji, na mwenye friji mtaani kwetu alikuwa na biashara yake mwenyewe ya barafu. Yalibaki machungwa, ambayo nilikuwa nimeyakwepa kwa sababu kila mtu Muheza aliuza machungwa, nami niliona haya kufanya kile ambacho kila mtu anafanya.

Msimu mkubwa ulikuwa umeanza mwezi Juni, na shambani mia moja yaliuzwa shilingi 400. Bibi alifungua pindo la khanga, akahesabu mtaji huo mara mbili na kunipa, kwa masharti kwamba kila siku ya mauzo nitaacha shilingi 100 za sabuni na mafuta ya taa, na kwamba kila jioni kopo litafunguliwa mbele yake. Stendi chungwa moja lililomenywa liliuzwa shilingi 10. Faida ilikuwa shilingi 6, endapo hukulikata vibaya.

Kulikata vibaya ndiko kulikonila mtaji siku za mwanzo. Chungwa la kuuza dirishani humenywa kwa kisu chembamba, ganda likitoka kama utepe mmoja mrefu, na ule utando mweupe wa ndani lazima ubaki wote, kwa sababu ndio unaozuia maji yasivuje. Kisu kikizama kidogo tu, chungwa linalia machozi kwenye sinia, nzi wanalijua kabla ya mteja, na huna la kufanya ila kulila mwenyewe. Juma la kwanza nilikula machungwa mengi kuliko niliyoyala mwaka mzima uliotangulia. Mafuta ya ganda yaliingia kwenye kila mchubuko wa vidole, na nikisahau nikajipangusa jicho, mabasi mawili yalipita nikiwa nimeinama. Ilipofika Julai, binamu yangu, ambaye alinizidi mwaka mmoja na alinizidi sana ujuzi, alikiri kwamba maganda yangu sasa yanafaa kupimia kamba.

Tatizo lingine lilikuwa rangi. Machungwa ya kwetu huiva yakiwa bado ya kijani, kwa kuwa usiku wa pwani hauna baridi ya kuyageuza, na abiria waliotoka Arusha au Moshi walidhani tunawauzia mabichi. Ilibidi nipasue moja kwa ajili ya kuonja, ambalo hesabuni lilikuwa hasara, ingawa mara nyingi lilivuta wateja watatu.

Pale stendi mlango wa basi ulikuwa wa vijana wakubwa. Sisi wadogo tulipewa madirisha ya nyuma, ambayo yalikuwa juu, mikono yetu haikuyafikia, kwa hiyo binamu alipigilia msumari kwenye kijiti, akawa anatundika mfuko wa rambo na kuuinua hadi kwa mteja, na fedha zikashuka kwa mkono au zikadondoshwa tukaziokota. Basi lilisimama dakika tano, pengine tatu, na katika dakika hizo ulipaswa kutangaza bei, kufungasha, kupokea na kurudisha chenji, huku ukichunga kwamba magurudumu hayajaanza kuzunguka.

Siku moja ya Agosti mama mmoja aliyefunga kilemba cha njano aliagiza machungwa 20 kutoka dirisha la mwisho la basi lililokuwa likienda Dar es Salaam. Akanipa noti ya shilingi 1,000. Sikuwa na shilingi 800 za kurudisha, nikakimbia kwa mama muuza chai kuivunja, naye alitafuta chini ya bakuli, kisha chini ya kitambaa, kisha akakumbuka kwamba fedha amezifunga kiunoni. Nilipogeuka, basi lilikuwa linaingia barabarani. Nililikimbiza nikiinua noti juu ya kichwa, na mama yule alitoa mkono dirishani akaupunga, mpaka leo sijui kwa maana ya kuniita au ya kuniambia basi tena.

Vijana wa mlangoni walicheka. "Wewe leo umeokota dodo chini ya mwarobaini," mmoja aliniambia, na kwa saa kadhaa nilikubaliana naye kabisa. Shilingi 800 zilikuwa faida ya siku tatu. Nilizitia koponi pamoja na nyingine.

Jioni Bibi alimwaga kopo juu ya mkeka, akatazama yaliyobaki kwenye sinia.

"Mume wangu, asubuhi ulibeba mangapi?"

"Themanini, Bibi."

"Hapa naona ishirini. Sitini mara kumi ni mia sita. Hizi mia nane ni za nani?"

Bibi hakupita darasani hata siku moja, lakini ukimpa hesabu ya fedha hukuwa na pa kujificha. Nilimweleza. Nikapendekeza, kwa sauti ya mtu mwaminifu, kwamba basi lile likirudi nitampa konda azifikishe.

"Ukimpa konda, umempa konda," alisema. Alizifunga kwenye karatasi ya daftari, akaniamuru niandike juu yake *amana ya mama wa kilemba cha njano*, akaziweka ndani ya sanduku lake la nguo. Kuanzia siku ile nilitazama madirisha kuliko nilivyotazama machungwa. Vilemba vya njano vilipita vingi, na viwili kati ya hivyo nilivisimamisha kwa swali ambalo wenyewe waliliona la kitapeli.

Siku ya mwisho ya kulipa nilikuwa na shilingi 6,400. Niliomba zile za sandukuni kwa hoja zote nilizokuwa nazo, ikiwemo kwamba mwenyewe huenda keshasahau. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akasema kwamba kuzichukua haiwezekani, ila kukopa kunawezekana kama mkopaji ataandika. Niliandika chini ya maneno ya kwanza: *nimekopa 600*. Nikatia saini, jambo ambalo sikuwahi kulifanya kabla ya hapo. Mwalimu alipokea sarafu zangu kwenye mfuko, akanusa vidole vyake, akamwambia mwenzake kwamba mtoto huyu amelipa kwa machungwa.

Kuhusu Dar es Salaam sina mengi. Tuliona fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, ambalo mtafiti Mary Leakey alilipata Olduvai mwaka 1959, nami nilishangaa jinsi lilivyokuwa na meno makubwa ya nyuma. Tukavuka bahari kwa pantoni na kurudi, wawili wakatapika.

Siku ya tatu tulirudi na kuingia stendi ya Muheza jua likizama. Kabla basi halijasimama vizuri, sinia zilikuwa zimeshazunguka chini yetu, na mfuko wa rambo ukapanda hadi kwenye dirisha langu ukiwa umening'inia kwenye msumari. "Ishirini mia mbili, mama! Matamu, mama!" Ilikuwa sauti ya binamu. Niliinama nimtazame, na kutoka kule juu sikuona uso wake. Niliona utosi, ncha ya kijiti na kiganja kilichofunguliwa. Nilimwita kwa jina. Alijibu, "Ngapi, mama?" bila kuinua macho, kwani alikuwa anatazama magurudumu.

Kesho yake baada ya masomo nilikwenda shambani na shilingi 400. Machungwa mia moja, shilingi 6 kila moja, na lisivuje hata moja.