Pedi ya PS4 inayojiendesha yenyewe

Mchezaji anakimbilia kona na hakuna aliyegusa analogi, kile kijiti cha kusukumwa kwa kidole gumba. Kabla ya kushika bisibisi, tafuta tundu dogo mgongoni mwa pedi, karibu na kitufe cha L2, ubonyeze kwa pini sekunde 5 kisha uiunganishe upya kwa waya. Haikugharimu kitu. Ikiendelea, tatizo liko ndani.

Kila analogi ina potenshiometa mbili, vijisanduku vinavyosoma mwendo wake: moja ya kushoto na kulia, nyingine ya juu na chini. Ndani ya kila moja, kiulimi cha chuma huteleza juu ya mstari wa kaboni. Kaboni ikilika pale katikati, pedi hudhani kidole kinasukuma. Ndiyo sababu pedi za vibanda vya gemu mtaani, zinazochezewa gemu za mpira kutwa kucha, hutangulia kufa analogi ya kushoto.

Chomeka pedi kwenye kompyuta uone ni upande gani unaosoma vibaya, usije ukafungua potenshiometa nzima ukaiacha mbovu.

Nyuma kuna skrubu 4 za nyota. Zitoe, uachanishe magamba kuanzia kwenye mikono, polepole, kwa sababu utepe mwembamba wa sehemu ya kuchajia umeyaunganisha. Uchomoe, halafu chomoa betri kwa kushika plagi yake, si nyaya. Betri ikiwa imevimba, usiibonyeze wala kuitoboa, inataka kubadilishwa.

Wengi hupulizia dawa ya kusafishia kutoka juu na kufunga. Itatulia siku chache tu, maana haifiki vizuri kwenye kaboni. Mafuta ya kulegeza kutu ndiyo mabaya zaidi: hubaki humo yakikusanya vumbi. Banua kifuniko cha ubavuni cha potenshiometa kwa ncha nyembamba, utoe kigurudumu cheupe ukikumbuka kilivyokaa, kisha ufute kaboni kwa pamba ya masikio yenye alikoholi ya aisopropili ya asilimia 99, ile ya mafundi wa simu. Spiriti ya duka la dawa ina maji mengi. Pakauke kabisa, urudishe kigurudumu, kisha kifuniko mpaka kilie "tak".

Ukiona mfereji kwenye kaboni, kusafisha hakusaidii. Badilisha analogi yote. Ukienda Luthuli, barabara ya maduka ya elektroniki Nairobi, beba ya zamani mkononi mlinganishe. Ina miguu 14, na kuing'oa ikiwa nzima ndiko kunakong'oa njia za shaba kwenye bodi. Ikate vipande kwanza, kisha toa mguu mmoja mmoja. Risasi ya kulehemu kwenye miguu inayogusa shaba pana hukataa kuyeyuka; iongeze mpya yenye plumbi (madini ya risasi), inayoyeyuka karibu nyuzi 183 za Selsiasi, ichanganyike na ile ya kiwandani.

Jaribu kwa waya kabla ya kufunga. Na angalia springi za L2 na R2, hupenda kuruka wakati wa kufungua. Ikikaa vibaya, kitufe kinalala chini na hakirudi.