Mafumbo ya Kale

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Neno la wiki hii ni Zaburi 78:2, Asafu anaposema, "Na nifunue kinywa changu kwa mithali, niyatamke mafumbo ya kale." Fumbo limetokana na kufumba, kama mtu anavyofumba mkono ili usione alichoshika. Na kilichofumbwa hufumbuliwa. Ufumbuzi umetoka hapohapo.

Kwa Kiebrania Asafu alitumia neno hida. Ndilo la kitendawili cha Samsoni (Waamuzi 14) na la maswali ya fumbo ya malkia wa Sheba (1 Wafalme 10). Samsoni aliwatega vijana 30 kwa jambo alilolijua peke yake, asali ndani ya mzoga wa simba, na mwisho wake ukawa damu. Malkia alikuja na moyo mwingine kabisa: alimweleza Sulemani yote yaliyokuwa moyoni mwake.

Lakini anayenishangaza zaidi ni Asafu. Akishaahidi mafumbo, aya ya 3 anasema ni mambo waliyoyasikia na kuyafahamu kwa baba zao! Bahari ikapasuliwa, mwamba ukatoa maji, mana ikanyesha. Nani katika Israeli hakuijua habari hiyo? Sasa fumbo liko wapi?

Naamini liko hapa. Watu walikula wakashiba, na bado wakazidi kutenda dhambi. Walipopigwa ndipo wakamtafuta Mungu, tena kwa ndimi za uongo (aya 34–36). Naye, akijua wazi kwamba anadanganywa, "kwa kuwa anarehemu, husamehe uovu wala haangamizi" (aya 38). Isome tena hiyo, ndugu yangu. Wewe uliyetubu Jumapili, Jumanne ukarudia lilelile, na leo umeamka mzima, umo ndani ya fumbo hilo.

Tuna maswali mengi kwa Mungu: mbona mtoto haponi, mbona kazi haipatikani. Tumpelekee yote, kama malkia alivyofanya, bila kuficha. Ila na hili tumuulize: mbona hukuniacha?

Kwenye ibada za nyumbani wiki hii tusome aya zote 72 kwa kupokezana. Watoto wasipelekwe kulala mapema. Aya ya 4 imesema hatutawaficha.