Ndoo ya lita 20 ndiyo iliyotuletea maji

Kila mgeni anayefika kijijini kwetu na kukuta bomba linatoka maji huniuliza tulimjua nani wilayani. Hatukumjua mtu. Mimi ni katibu wa chombo cha maji cha kijiji, huku milimani Lushoto, na naandika kwa sababu bado nasikia wenzetu wakipewa ushauri uleule uliotupotezea sisi mwaka mzima: tafuteni mtaalamu awaandikie andiko la mradi la kuombea fedha.

Sisi tulimtafuta, mwaka 2021. Tulichangishana elfu mbili mbili kila kaya, ikapatikana kama laki sita na ushee. Nawajua wajane waliouza maharage ya mbegu ili wasionekane hawakutoa. Mtaalamu alikuja mara moja tu, kwa bodaboda, akakaa kwa mwenyekiti saa moja hivi na kikombe cha chai, akaondoka bila kupanda mlimani kukiona chanzo. Wiki tatu baadaye akatuletea kitabu. Karatasi nene nyeupe, kurasa arobaini, jalada la plastiki, na juu yake picha ya msichana aliyejitwika ndoo. Nyuma ya huyo msichana kulikuwa na tambarare na mibuyu. Kwetu ni miteremko na migomba, mbuyu hakuna. Niliona, nikanyamaza, nikidhani picha si kitu.

Tukakipeleka wilayani, mimi na mwenyekiti. Mhandisi aliyetupokea alikuwa kijana mpole. Akafungua, akasoma, akarudisha kurasa mbili nyuma, kisha akakigeuza kitabu upande wetu na kuweka kidole kwenye mstari.

"Mama, hiki ni kijiji gani?"

Jina lililoandikwa pale halikuwa letu. Na chini yake tulikuwa tunaomba kuchimbiwa kisima kirefu na kufungiwa pampu, sisi ambao maji yetu yako juu ya vichwa vyetu, yanaweza kushuka yenyewe kwa mserereko! Mwenyekiti ni mtu mzima, amepita miaka sitini. Niliona jasho linamtoka kwenye paji la uso. Zile laki sita hatukuzipata tena, na simu ya yule bwana tangu siku hiyo haikupokelewa.

Yule kijana hakutufukuza, Mungu ambariki. Aliuliza swali moja tu: kiangazi kikali, chemchemi yenu inatoa lita ngapi?

"Nyingi," mwenyekiti akajibu.

"Nyingi ngapi, mzee?"

Hatukujua. Nimechota maji pale tangu nina miaka sita, na sikujua.

Akatueleza kwamba fedha za serikali haziombwi kwa kitabu. Kijiji kinaibua mradi kwenye mkutano mkuu, muhtasari unapita kata, RUWASA, wakala wa serikali wa maji vijijini, wanakuja kupima, wanasanifu, wanaingiza kwenye bajeti. Lakini mkiniletea vipimo vya chanzo, akasema, nitajua naanzia wapi. Akatufundisha namna ya kupima palepale, kwa kuchora nyuma ya bahasha.

Basi tukapima. Tulikata gogo la mgomba, tukalilaza kukinga maji yanapotokea, tukaziba pembeni kwa udongo mfinyanzi, tukapitisha kipande cha bomba katikati ili maji yote yatokee pale. Hapo ndipo penye kazi, maana udongo ukivuja kidogo tu kipimo ni uongo. Mara ya kwanza ulibomoka, ya pili maji yakapita chini ya gogo, ya tatu tukatandika gunia la mbolea ndani ndipo yakatulia. Tukasubiri mpaka maji yanayotoka yawe sawa na yanayoingia. Halafu ndoo ya lita 20, ile ya rangi ya mafuta, na mwanangu ameshika simu anahesabu sekunde. Ndoo inajaa, tunamwaga, tunarudia. Mara tatu, mimi naandika kwenye daftari.

Tulikuwa tumeanza baada ya mvua, na ndoo ilijaa kwa sekunde 11. Watu wakashangilia. Nilikataa kuipeleka namba hiyo. Mhandisi alitaka kiangazi, na mimi sikutaka kurudi kuaibika mara ya pili. Tukapima kila Jumamosi mpaka mwisho wa Septemba, tukapima tena Februari, na siku mbaya kuliko zote ndoo ilijaa kwa sekunde 28. Piga hesabu: inakaribia lita 61,700 kwa siku. Sera ya Maji ya mwaka 2002 ilitaka kila mtu apate lita 25 kwa siku, na asitembee zaidi ya mita 400 kuzifuata. Sisi tulikuwa watu 1,940, yaani lita 48,500. Maji yanatosha! Sikulala usiku ule. Mhandisi akatutuliza kwamba watu wanazaliwa, kwa hiyo usanifu ukaongeza na chemchemi ya pili, ile ndogo ya upande wa msitu.

Kilichotaka kutukwamisha ni shamba. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli ndani ya mita 60 za chanzo cha maji, na kabichi za mzee mmoja zilifika hadi kwenye tope. Wapo waliotuambia tumpelekee mgambo. Nilikwenda mwenyewe na mke wa mwenyekiti, jioni, tukakaa jikoni.

"Babu, tumekuja kuomba."

"Ombeni, wanangu. Ila kabichi hizi ndizo zinanisomeshea wajukuu."

Tulirudi mara tano. Mwisho kijiji kikampa kipande kingine, chenye rutuba, karibu na barabara, na wanawe wote wanne wakasaini karatasi. Msikubali saini ya mzee peke yake. Karatasi hiyo ndiyo tuliyoambatanisha kuomba kibali cha kutumia maji kwenye Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani.

Mwaka wa kwanza bajeti ilitupita. Wa pili tukaingia. Mfuko wa jimbo ulitoa roli kadhaa za bomba, mtaro tukachimba sisi, kila kaya na kipande chake, kina cha mita moja, na tenki na vituo vya kuchotea maji vikajengwa kwa fedha za serikali. Sehemu ya fedha za maji nchini inatoka kwenye tozo ya shilingi 50 kwa kila lita ya petroli na dizeli, inayoingia Mfuko wa Taifa wa Maji. Vijana wetu wa bodaboda wakilalamika kuhusu bei ya mafuta nawaonyesha tenki.

Sasa ndoo tunauza shilingi 30, na hela inakwenda benki, haikai kwa mtu. Mwezi uliopita viongozi wa kijiji cha jirani walinipigia kwamba wamempata mtaalamu, anataka laki nane. Niliwaambia wasimpe hata mia. Jumamosi hii wanakuja kuazima kile kipande cha bomba na lile gunia, na mwanangu atakwenda nao.