Haragi la arobaini na nane

"Keti." Ndilo neno nililomjibu mwanafunzi wangu, na tangu Jumatano linanirudia kama kiungulia.

Mnamkumbuka yule wa dawati la nyuma, aliyewahi kuniuliza kama elektroni huchoka? Ni yeye.

Somo lilikuwa kwarki, chembe ndogo zinazounda protoni na neutroni za kiini cha atomu. Nilikuwa nimeomba maharagi kwa mke wangu, Mama Furaha, mekundu 24 na meupe 24, nikayagawa kwa vikundi 8. Jekundu ni kwarki ya juu, chaji 2/3. Jeupe ni ya chini, hasi 1/3. Mekundu mawili na jeupe moja, umepata protoni. Jekundu moja na meupe mawili, ni neutroni, chaji sifuri. Waliyafunga matatu matatu kwa vipande vya mpira wa baiskeli, halafu nikawaambia wavute. Ukivuta, nao unazidi kukurudisha! Ndiyo maana, nikasema kwa majivuno, tangu Gell-Mann na Zweig walipozipendekeza mwaka 1964, hakuna aliyeona kwarki imesimama peke yake.

Mwisho wa somo nikahesabu bakulini: 47.

"Haragi moja jekundu liko wapi?"

Akasimama, mkono mfukoni. "Mwalimu, si umesema haitoki peke yake? Basi haijatoka."

Darasa likaangua kicheko. Nami, badala ya kucheka nao: "Keti."

Alhamisi inspekta alikuja, Jumamosi tukapeleka Walungu ng'ombe wa mahari ya mdogo wangu. Huko kote nilikuwa na lile haragi kichwani.

Jana usiku, umeme umekatika, jibu likanijia. Ukiivuta kwarki kwa nguvu nyingi, nishati ile ya kuvuta inazaa jozi: kwarki mpya inakaa mahali pa iliyotoka, na antikwarki, pacha wake mwenye chaji ya kinyume, inaondoka pamoja na iliyoibwa. Ningemwambia: "Kama umeichomoa kweli, mbona bakulini hayamo 48? Na mfukoni nitolee mawili!" Nikacheka peke yangu gizani.

"Baba Furaha, unacheka na nani?"

"Na haragi."

Kimya kidogo. "Yalikuwa 48. Nilihesabu."

Kesho nina saa ya kwanza na darasa lake. Nimeweka maharagi mawili kwenye mfuko wa koti, ila sijui nitaanzia wapi.

Mvua imerudi huku Kadutu, Bukavu. Ule ufa wa nyuma ya jiko, kabla ya kiangazi ulikuwa unaingiza ukucha. Leo asubuhi nimeingiza kidole.