Ramani ya treni: mimi huanza na majina ya vituo

Nikichora ramani ya treni au mabasi, mistari huja baadaye. Kwanza nayaandika majina yote ya vituo kwa ukubwa uleule wa herufi utakaochapishwa, kisha napima lile refu kuliko yote. Mstari unapindishwa utakavyo, jina halipindishwi. Urefu huo ndio unaoamua vituo viachane kiasi gani. Majina nayaandika mlalo, hata pale ambapo kuyainamisha kungeokoa nafasi, maana msomaji wake amesimama kwenye behewa linaloyumba.

Kwenye mistari nafuata kanuni ya Harry Beck, ambaye ramani yake ya treni za London ilitoka 1933: mlalo, wima na nyuzi 45, basi. Kona naziviringa, na kamwe siweki kona juu ya alama ya kituo. Jicho likikuta vyote viwili mahali pamoja, hupotea njia. Mistari inayokwenda sambamba naiachia uwazi mwembamba mweupe, la sivyo rangi huingiliana kwenye karatasi.

Shida kubwa ni kunyoosha mji kupita kiasi. Ramani ya New York ya Massimo Vignelli, ya 1972, ni nzuri mno, naipenda mpaka leo. Lakini Central Park, bustani kubwa ya mji huo iliyo ndefu na nyembamba, humo ilikaribia kuwa mraba, na maji hayakuwa ya buluu. Abiria aliyezijua barabara zake aliona ramani haikubaliani na macho yake. Mwaka 1979 ikabadilishwa. Ndiyo maana nabakiza alama mbili tatu za kweli: mto, pwani, bustani kubwa. London walipoufuta mto Thames mwaka 2009, malalamiko yaliurudisha mwaka huohuo.

Mchoro pia huficha umbali. Huko London, kutoka kituo cha Leicester Square hadi cha Covent Garden ni chini ya mita 300, ila kwenye ramani pengo lake ni kama la vituo vingine. Vituo vya namna hiyo naviunganisha kwa nukta, kuonyesha kwamba kutembea kunafaa zaidi.

Mwisho naichapa kwa rangi nyeusi tu. Njia mbili zikitoka na kijivu kimoja, nabadilisha rangi moja, hata kama ndiyo iliyopendeza. Halafu nampa mtu asiyeujua mji safari yenye kubadilisha treni mara mbili, nami natazama kidole chake bila kusema neno. Kikisita, hapo ndipo nachora upya.