Siku moja kwenye chumba cha eko

Saa 11 alfajiri. Adhana ya msikiti wa mtaani imeniamsha. Chai, kiporo cha chapati, kisha mwendokasi kutoka Kimara. Kazi yangu ni kupima moyo kwa eko, kipimo cha mawimbi ya sauti kinachoonyesha moyo kwenye skrini, katika hospitali moja ya Dar es Salaam.

Saa 2 asubuhi. Wa kwanza ni mama mjamzito. Homa ya baridi yabisi ya utotoni ilimwachia vali, yaani milango ya moyo, nene na zilizokakamaa, zinazoruhusu damu kuvuja kurudi nyuma. Uvujaji wa namna hii nimeuona tangu nikiwa mwanafunzi.

Saa 4. Anaingia mzee wa Mbagala, fundi seremala. Miezi minane iliyopita alipata mshtuko wa moyo, akakaa siku mbili nyumbani akidhani ni vidonda vya tumbo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu."

Namlaza ubavu wa kushoto, mkono chini ya kichwa. Kadi yake ya kliniki inasema moyo hauna sauti ya ziada, na tangu aruhusiwe wodini hajawahi kupimwa eko. Jambo hili linaniuma kila ninapokutana nalo. Uvujaji unaofuata mshtuko wa moyo mara nyingi hutoa sauti hafifu mno, au hautoi kabisa. Usipoutafuta, huuoni.

Kwenye skrini, ukuta wa nyuma wa chumba cha kushoto cha moyo hauchezi. Nawasha rangi zinazoonyesha damu inavyokwenda, na kila moyo unapobana, damu inaruka kurudi ilikotoka. Vali ya mitrali, mlango wa chumba hicho, yenyewe ni nyembamba, safi. Ila chumba kimetanuka, kimeondoka na misuli inayoshika kamba za vali, kamba zimevutwa, na kingo mbili hazifikiani tena. Namgeuzia skrini nimwonyeshe.

Anatazama kwa muda. "Kwa hiyo mbao haina kosa. Ukuta ndio umesogea, fremu ikaufuata."

Sijawahi kuieleza vizuri hivyo.

Napima ukubwa wa tundu damu inamovujia: milimita za mraba 14. Anauliza amebakiza miaka mingapi ya kuishi. Namwambia swali hilo tutamuuliza daktari pamoja, lakini takwimu ninazo kichwani. Mwaka 2001 madaktari wa Mayo Clinic, Marekani, walichapisha habari za wagonjwa 303 waliowahi kupata mshtuko wa moyo. Katika miaka 5 walifariki 62 kati ya kila 100 wenye uvujaji, na 39 kati ya 100 wasio nao. Tundu la milimita za mraba 20 na zaidi lilikuwa baya kuliko yote, lakini hata dogo liliongeza hatari. Ndiyo maana siandiki "uvujaji kidogo" nikaishia hapo. Naandika namba.

Saa 8 mchana. Wali maharage, haraka haraka.

Saa 9. Daktari anaangalia picha zangu. Anaongeza dozi ya dawa zake za moyo, bisoprolol na enalapril, anaanzisha nyingine, spironolactone, anapanga mishipa ya moyo ichunguzwe. Eko irudiwe baada ya miezi mitatu, kwa sababu chumba kikinywea kwa dawa, uvujaji nao huweza kupungua.

Saa 10 jioni. Nawakuta mzee na binti yake kwenye mzani wa korido. Wameambiwa apime uzito kila asubuhi, na akiongezeka kilo mbili ndani ya siku tatu asisubiri tarehe ya kliniki. Binti anasoma: kilo 68. Mzee anatoa mfukoni penseli bapa ya useremala, anaandika nyuma ya kadi.