Programu Huria kwa Mafundi wa Nakshi na Wanafunzi wa Lamu

Ninapowafundisha wanafunzi na mafundi wa nakshi wa Lamu kuchora kwa kompyuta, sianzi na falsafa ya programu huria, bali naanza na mfaa wa mlango, yaani ule mti wa katikati unaochongwa nakshi. Fundi huchora nusu ya ua kwenye karatasi, kisha huigeuza upande wa pili ili pande zote zilingane. Inkscape, programu huria ya kuchorea, hufanya kazi hiyohiyo, na nakala zikiwa zimefungamanishwa na umbo la asili, jani moja likirekebishwa mengine yote hufuata. Mchoro huhifadhiwa katika muundo wa SVG, ambao hauharibiki hata ukikuzwa kufikia kimo cha mlango wenyewe.

Wakishayaona hayo, ndipo habari ya leseni inapowaingia. Wengi wamezoea programu za kulipia zilizovunjwa kufuli, zinazopitishwa kwa flashi pamoja na virusi vyake. Inkscape, Krita ya kuchora na kupaka rangi, GIMP ya kuhariri picha na Blender ya katuni za 3D hutolewa chini ya leseni ya GPL, inayomruhusu mtu kuzitumia kwa kazi yoyote, ya biashara ikiwemo, kuzinakili, kuchunguza msimbo wake (maandishi yanayoiunda programu) na kuubadilisha. Kwangu mimi ruhusa ya kunakili ina uzito kuliko kukosekana kwa bei, kwa kuwa mwanafunzi mmoja mwenye bando akishapakua, darasa zima hugawana bila yeyote kuwa mwizi. Blender yenyewe iliwekwa huru mwaka 2002, baada ya watumiaji wake kuchanga euro 100,000 za kuukomboa msimbo, na mwaka 2025 filamu ya katuni kutoka Latvia iliyotengenezwa kwa programu hiyo ilishinda tuzo ya Oscar. (Vijana wa katuni hawahitaji kushawishiwa zaidi ya hapo.)

Hata hivyo, kasoro sizifichi. Blender huzilemea kompyuta kuukuu, na kwa kuwa Inkscape imejengwa juu ya rangi za RGB, yaani za kioo cha kompyuta, ilhali matbaa nyingi hutaka CMYK, yaani rangi za wino, mabango ninayapitisha kwanza kwenye Scribus, programu huria ya kupangia kurasa, ili yatoke kama PDF inayofaa kuchapwa. Washonaji ninawaonyesha Ink/Stitch, nyongeza ya Inkscape inayogeuza mistari kuwa mishono ya mashine ya tarizi. Lakini kwa kofia ya vito, ambayo ni kazi ya sindano na mkono, ninawashauri waitumie Inkscape kupangia ua tu, wauchapishe kwenye karatasi, kisha waendelee kushona kama walivyozoea.